Mwembe, mita 6 kwa 9, na shimo la choo

SWALI

Mzee jeometa, mpimaji wa viwanja, pokea salamu kutoka hapa hapa Lubumbashi. Mimi na baba watoto tumeweka akiba miaka 9 ili tutoke kwenye kupanga. Sasa tumebaki na nyumba mbili, bei moja. Ya kwanza iko Bel-Air: vyumba vinne, vigae chini, nyuma kuna anexe (nyumba ndogo ya pembeni) ya vyumba viwili yenye mpangaji, na uwanja uliobaki wote ni pave, matofali ya kutandaza chini. Ya pili ni nyumba ya zamani ya vyumba vitatu, mabati yake yameanza kushika kutu, lakini nyuma ina bustani ya kama mita 6 kwa 9: mwembe mmoja, mipapai miwili, matuta ya lengalenga. Ni mahali pazuri, ukisimama chini ya mwembe unaona shemine, lile bomba refu la moshi la kiwanda cha shaba cha Gécamines, vizuri kabisa. Mume wangu anacheka: "Bustani ya nini? Lengalenga inauzwa sokoni kila siku." Tuna watoto wanne, mkubwa ana miaka 11 na mdogo 2, na mama mkwe anakuja kukaa nasi. Je, bustani ndogo namna hiyo ni jambo la kuangalia mtu akinunua nyumba, au ni mimi tu napenda majani?

Mama wa watoto wanne

JIBU

Mama, barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya pili nilikwama kwenye sentensi moja uliyoiandika kwa kupita tu, kama mtu anayesifu mandhari. Tutaifikia. Kwanza nimpe mumeo haki yake, maana akina mama wengi wanaoniandikia huwa wanatafuta shahidi wa kumshinda mtu nyumbani, na mimi kazi hiyo siiwezi.

Kwenye lengalenga amesema kweli. Mita 6 kwa 9 ni mita mraba 54. Toa kivuli cha mwembe, ambacho chini yake mboga hudumaa, toa na njia ya kupita, utabaki na 30 hivi za kulima. Mvua zikianza, tuseme Novemba mpaka Machi, hizo 30 zinatosha kabisa kukuwekea kitoweo cha majani pembeni ya bukari (ugali): lengalenga ya kupanda leo unaichuma wiki ya nne, na matembele ukiyapanda mara moja yanajiendesha yenyewe. Lakini kuanzia Mei mpaka Septemba hapa kwetu halidondoki tone. Mboga za majani wakati huo zinataka kama lita 5 kwa kila mita mraba kwa siku. Piga hesabu: lita 150, yaani bidoni (madumu) 7 na nusu za lita 20, kila siku ya Mungu. Nani atazichota? Mumeo hayumo kwenye orodha, hilo mimi na wewe tunalijua. Ni wewe au huyo wa miaka 11. Kama kisima cha pale kinakauka Septemba, hiyo ni bustani ya nusu mwaka. Na hata mwaka mzima ukivuna bila kukosa, pesa utakayookoa sokoni haitaifikia kodi ya mpangaji wa anexe. Kwa hiyo kama mnagombana juu ya majani, mumeo ameshashinda, fungeni mjadala hapo.

Ila mimi nimepima malupango (viwanja vya nyumba) ya mji huu zaidi ya miaka 30, na sijawahi kuangalia bustani kama bustani. Naangalia mahali ambapo hapajajengwa kitu.

Kuna jambo ambalo watu husahau wakishaona vigae vinang'aa. Tangu sheria ya ardhi ya mwaka 1973, udongo wa Kongo ni mali ya Serikali. Wewe unachopata ni haki ya kuutumia, na kwa Mkongomani haki hiyo inaweza kuwa ya kudumu. Nyumba yenyewe ni matofali, mabati na mbao tu. Mabati yenye kutu yanabadilishwa kiangazi kimoja mkiwa na pesa, sakafu ya simenti inawekwa vigae chumba kimoja kimoja, hata chumba cha nne kinaongezwa. Ardhi haiongezwi. Lupango likishabanwa na jirani kushoto, jirani kulia, jirani nyuma na barabara mbele, mita mraba zako ni zile zile mpaka mjukuu wako azeeke. Ndiyo maana bei mbili zikilingana mimi siulizi vyumba vingapi, nauliza udongo mtupu umebaki kiasi gani.

Huo udongo mtupu utakusaidia nini? Acha nianze na kile ambacho hakuna komisioneri, dalali wa nyumba, atakayekuonyesha. Mitaa yetu mingi haina mabomba ya kuchukua maji machafu, kila lupango linabeba la kwake. Nyumba ya watu saba (nyinyi wawili, watoto wanne, na bibi) inajaza shimo la choo, na shimo likishajaa na chini pamekwisha kuziba, kulivuta kwa gari ni kununua miezi. Lazima uchimbe lingine. Mahali gani?

Nakwambia hivyo kwa sababu yalinikuta. Nyumba yangu ya kwanza niliinunua Katuba, na nyuma kulikuwa na kipande kama hicho chako, mke wangu akakipanda sombe (kisamvu) na mapilipili. Mimi, jeometa mzima, kila mwaka namwambia tujenge pale vyumba viwili tupangishe. Kila mwaka ananiambia ngoja sombe ikomae. Mwaka wa 7 shimo likajaa, katikati ya mvua, na tukachimba jipya pale pale penye sombe. Jirani yetu wa ukuta mmoja alikuwa ameshajenga kila pembe. Lake lilipojaa, alivunja baraza ya mbele ya nyumba, ile aliyoiwekea nguzo za mapambo, akachimba shimo la choo hatua nne kutoka mlango wa sebule. Wageni walikuwa wanapita juu ya kifuniko. Tangu siku hiyo neno "anexe" sikulitaja tena mle ndani, na mke wangu hakuwahi kunikumbusha, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi kuliko angenikumbusha.

Kwa hiyo ukienda Bel-Air, acha vigae. Uliza shimo liko wapi, lilichimbwa mwaka gani, na la pili litakaa wapi. Kama lile la sasa liko chini ya anexe, jibu umeshalipata. Uliza pia kisima kiko umbali gani na shimo, la kwenu na la jirani. Kipimo kinachosemwa sana ni mita 30. Kwenye malupango madogo hakuna anayekifikia, lakini kati ya mita 8 na mita 20 kuna tofauti ambayo tumbo la mtoto wa miaka 2 litaisikia.

Jambo la pili ni maji ya mvua. Mji wetu hupata kama milimita 1,200 za mvua kwa mwaka, karibu zote ndani ya miezi mitano. Paa la mita mraba 100 linamwaga chini lita 120,000 katika msimu huo mmoja. Pave zikizibwa na simenti kila mahali, maji hayo yanatafuta njia: kwa jirani, barabarani, au chini ya mlango wako. Udongo ulio wazi, wenye mizizi, unayanywa mengi. Sisemi bustani ya mita 54 itazuia mafuriko; mtaa ukiwa bondeni utajaa tu. Lakini nimeona mara nyingi nyumba mbili zilizotazamana, mteremko mmoja, moja ina alama ya maji ukutani mpaka magotini na nyingine haina, na tofauti ilikuwa kwamba mmoja wao aliacha uwanja upumue.

Halafu kuna mambo ambayo huhitaji jeometa akuambie. Umeme ukikatika, mbabula (jiko la makaa) unaiwasha wapi? Kwenye uwanja wa pave uliojaa gari la mpangaji, moshi unaingia kwenye dirisha lake na ugomvi unaanza. Kinu cha sombe kinataka ardhi, kwenye vigae kinaruka na sauti yake inafika barabara ya pili. Na msiba, Mungu apishe mbali, lakini mama mkwe ni mtu mzima na sisi si watu wa kulia ndugu zetu ndani ya sebule. Watu watakaa nje, usiku kucha, siku tatu. Nimehudhuria matanga ambako viti vilipangwa barabarani na pikipiki zinapita katikati ya wafiwa. Mwembe mmoja, Mama, unakalisha watu 30.

Mwembe huo nao uuangalie vizuri. Uko umbali gani na ukuta wa nyumba? Ukiwa chini ya mita 4 au 5, mizizi itaanza kusumbua msingi au tayari imeanza. Tafuta ufa unaopanda kwa mshazari kwenye ukuta wa upande huo. Tawi lililolala juu ya mabati likatwe kabla ya dhoruba za Oktoba na Novemba. Lakini usiukate wote. Wanunuzi hukata mti wiki ya kwanza, halafu miaka 10 wanatafuta kivuli.

Sasa tahadhari mbili, na hapa ndipo nataka usome polepole.

Ya kwanza: hiyo bustani ni ya lupango kweli? Kwa macho yangu nimeona bustani nzuri zenye uzio wa michongoma ambazo nusu yake ilikuwa nje ya mawe ya mpaka, kwenye akiba ya barabara au chini ya waya za umeme mkubwa. Muuzaji hadanganyi hata, amekuta babake analima pale akadhani ni pao. Omba uone sertifika ya uandikishaji, ile inayotolewa na konsevateri wa hati za ardhi. Fishi ya mtaa haitoshi, karatasi ya shefu wa mtaa haitoshi, na risiti ya mauziano ya mwaka 1998 iliyokunjwa mara nane haitoshi kabisa. Eneo mle limeandikwa kwa ari na sentiari. Ari moja ni mita mraba 100, sentiari moja ni mita mraba moja. Ukisoma "ari 4 sentiari 20", hiyo ni mita mraba 420. Chukua futi ya mita 50, mwite mtoto mkubwa akushikie ncha, pima urefu na upana, zidisha. Kama ulichopima kimezidi karatasi kwa mita mraba 54, umeshajua bustani iko upande gani wa sheria.

Na Bel-Air fanya hivyo hivyo, lakini kwa hofu ya kinyume. Lupango lenye nyumba ya vyumba vinne na anexe na uwanja mdogo mara nyingi limekatwa kutoka kwa lupango kubwa zaidi. Kukata si kosa, lakini lazima kadastri, ofisi ya vipimo vya ardhi, iwe imepima upya na kila kipande kiwe na sertifika yake. Kama muuzaji anakuonyesha sertifika ya lupango zima huku anakuuzia nusu, hujanunua chochote.

Ya pili ni ile sentensi yako. Shemine.

Mama, kile kiwanda kilianza kuyeyusha shaba mwaka 1911 na kilitoa moshi kwa miongo mingi. Ndani ya moshi kulikuwa na salfa, na vumbi la madini: shaba, risasi, kadimiamu, kobalti, aseniki. Upepo wetu mkubwa, hasa kiangazi, unatoka kusini-mashariki. Kwa hiyo moshi uliangukia kaskazini-magharibi ya shemine, mwaka baada ya mwaka, kwenye eneo lile lile. Nenda Penga Penga, upande huo, ukajionee: miti ilikufa, udongo ukabaki uchi, na watu wa Kitivo cha Kilimo cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi walifanya majaribio ya kuotesha nyasi zinazostahimili shaba ili tu ardhi ifunikwe. Moshi ule ulikoma, madini hayakuondoka. Shaba haiozi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 juu ya watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga ulikuta madini mengi kupita kiasi kwenye mikojo yao, na watoto walikuwa na zaidi kuliko wakubwa. Sababu inaeleweka: mtoto anacheza chini, anaweka mkono mdomoni. Wako ana miaka 2.

Mboga za majani, lengalenga ikiwemo, ndizo zinazovuta madini kwa wingi kuliko matunda. Embe na papai haziogopeshi sana. Kwa hiyo inaweza kutokea kwamba kile unachokipenda kwenye ile nyumba, matuta ya lengalenga, ndicho kitu kimoja usichopaswa kukitumia.

Siyo lazima iwe hivyo. Shemine inaonekana kutoka pande zote za mji, na upande wa pili wa upepo hali ni tofauti sana. Simama chini ya mwembe saa kumi na mbili na nusu asubuhi ukiitazama shemine. Jua likiwa kushoto kwako mbele, basi shemine iko kusini-mashariki yako na wewe uko ndani ya njia ya moshi. Jua likiwa mgongoni, pumua. Halafu angalia ardhi yenyewe: majani yameota kila mahali, au kuna mabaka yasiyoota kitu hata katikati ya mvua? Wazee wa Katanga walijua penye shaba kwa maua. Kuna mmea wa maua ya zambarau, wataalamu wanauita Haumaniastrum katangense, unaopenda pale ambapo mimea mingine inakataa. Ukiuona kwenye bustani ya mboga, jiulize.

Kama uko kwenye njia ya moshi, au una shaka tu, usinunue kabla udongo haujapimwa. Chota kwenye sehemu tano tofauti za bustani, kina cha sentimita 20, changanya kwenye ndoo safi ya plastiki, peleka kilo moja maabara. Kitivo cha Kilimo pale chuo kikuu wanalijua jambo hili vizuri kuliko mtu yeyote, waulize wapi wanapima. Omba shaba, kadimiamu, risasi, na kiwango cha uchachu wa udongo. Huo wa mwisho watu huusahau na ni wa maana: udongo ukiwa mchachu madini yanaingia kwenye mimea kirahisi, ukitiwa chokaa na samadi nyingi yanabanwa.

Matokeo yakiwa mabaya kidogo, bustani haijafa. Unajenga vitanda vya matofali vya sentimita 40, unaleta udongo kutoka nje ya mji, kule porini (watu wengi huchukua wa kichuguu, ni mzuri lakini mgumu, uchanganye na samadi ya kuku), na mboga zinakaa mle juu. Chini kote unapanda nyasi, vumbi lisipeperuke, mtoto asikwangue. Mboga uzioshe mara mbili. Matokeo yakiwa mabaya sana, basi, achana na nyumba hiyo, na usiruhusu mwembe ukubembeleze.

Ukiniuliza mimi ningefanya nini? Karatasi zikiwa safi pande zote na udongo ukiwa salama, ningechukua nyumba ya zamani. Siyo kwa sababu ya lengalenga. Watu saba kwenye vyumba vitatu watabanana miaka miwili au mitatu, mtabadilisha mabati, halafu mtaongeza chumba cha bibi upande wa barabara, bado mtabaki na udongo. Bel-Air chumba cha nne mnacho leo lakini hakuna kesho ya kujenga, isipokuwa kumtoa mpangaji na kubomoa. Ila kama mna deni mlilokopa kununulia na kodi ya anexe ndiyo itakayolilipa, mumeo ana haki tena, na hapo chukueni Bel-Air. Mita kumi za pave zinang'olewa kwa mtaimbo asubuhi moja, unapanda mpapai.

Nenda kwenye hizo nyumba mbili siku ya mvua. Siyo baada ya mvua, wakati inanyesha. Beba mwavuli na futi. Komisioneri atakuambia njoo kesho jua litatoka, mwambie unakuja leo. Tazama maji yanaelekea wapi, kisha muulize mama wa nyumba ya jirani, siyo muuzaji, shimo la mwisho walichimba lini.

Na ukiniandikia tena, usinitumie picha za sebule. Niandikie ari na sentiari za kila moja, na niambie asubuhi hiyo jua lilikuwa upande gani.